Pete Isiyogongwa

Gari lilikuwa limeshaanza kuteremka mlima, Tsonka aliyeketi kando yangu aliposema, "Hebu simama. Yule si mume wangu?"

Nikafunga breki, nikatazama kioo. Mzee Nayden alikuwa anatukimbilia na ndara za nyumbani, bila koti, theluji ikimfika vifundoni, kifuani amekumbatia kitu alichokifunga kwa taulo la jikoni.

Tulikuwa tunapeleka pete kwenye maabara moja jijini Sofia. Si ya kidoleni: pete ya injini, pana kama sinia, ya resini, ule utomvu wa kiwandani unaoiva ukawa mgumu, itakayochomwa kwa nyuzi mia tatu na hamsini, saa mia moja. Tsonka alikuwa amehangaika nayo miaka kumi na mmoja. Resini tupu ikiwa nene hujichemsha katikati wakati wa kuiva, ikapasuka. Alipoichanganya na unga wa kauri, unga ulilitoa joto lile katikati ukalisambaza, na pete ikaiva sawasawa mpaka ndani. Maabara ilikuwa imempa nafasi moja tu ya kuijaribu.

Nayden alifika akihema. "Hiyo mliyobeba ni mbovu."

"Mbovu vipi? Si umeichanganya mwenyewe?"

"Unga haukukauka vizuri. Nilizima kikaushio mapema. Umeme, Tsonka."

Sisi watu wa mji wa Gabrovo ndivyo tulivyo, wabahili. Wenzetu hututania kwamba tunakata paka mikia ili mlango ufungwe upesi, joto lisitoke. Lakini unga wa kauri hunywa unyevu, na unyevu huo ukipata moto ndani ya resini hugeuka mapovu.

"Mwanamume wa Gabrovo wewe! Umeokoa nini, taa ya choo?"

Nayden akatoa sarafu, akaigonga pete iliyokuwa mapajani mwa mkewe. Du. Akafungua taulo, akagonga ya kwake. Ting! Ikalia kama glasi.

"Unga wa hii niliukausha kwenye oveni yako ya jikoni. Ndiyo maana Jumapili nilisema usioke banitsa yako ya jibini, sina hamu."

"Nami nikadhani unaumwa! Siku mbili nakuchemshia chai!"

"Niliona haya kusema. Kila pete huwa unaigonga, za mafundi wote, hata za fundi huyu anayekuendesha. Hii mbona hukuigonga?"

"Ilitoka mkononi mwako," akasema Tsonka.

Mzee akaegemeza paji la uso kwenye mlango wa gari. Tsonka akavua skafu yake, akamzungushia shingoni, akaipokea pete.

"Rudi ndani, mzee wangu. Na uwashe jiko. Usizionee kuni huruma."

Pete ya kwenye taulo ilimaliza saa mia moja ikiwa na ufa mmoja tu ukingoni, mwembamba kama unywele. Maabara ikaikubali. Karakana ya Tsonka sasa ina watu tisa. Nayden alifariki miaka minne baadaye, mwezi Machi, nyumbani kwake. Tsonka bado anachanganya unga, na hugonga kila pete. Ile mbovu iko jikoni kwake. Huitumia kuwekea sufuria ya moto. Mimi nilihamia mji wa Ruse, kisha kwingine.