King'ora Njia ya Kinna

Mwaka wa korona, gari la wagonjwa la kaunti lilikuwa na dereva aliyejulikana kwa sauti kabla ya sura. Mungania, Mmeru wa miraba minne, alikuwa na desturi yake: akifika kwenye mto mkavu kabla ya Kinna, alipiga king'ora. Wanawake wakisikia, walimbeba mama mwenye uchungu mpaka barabarani, dakika kumi zikaokolewa. Kuna mtoto wa Kiborana kule anayeitwa Mungania kwa utani mpaka leo. Mpe mtu sifa yake, kazi aliijua.

Asubuhi moja mwalimu Arero wa Kinna alipiga simu hospitalini. Dada yake, Tiya, mama wa watoto watatu, alikuwa hawezi kupumua. Siku mbili nzima Arero alimbembeleza mama yao akubali apelekwe hospitali, na haikuwa rahisi. Wiki mbili nyuma jirani yao alichukuliwa akitembea kwa miguu yake, akarudishwa ndani ya mfuko, akazikwa na watu wa mavazi meupe bila kuoshwa. Tangu hapo kijiji kiliapa kwamba hachukuliwi mtu tena.

Mungania na nesi Gathoni walipakia mitungi miwili ya oksijeni, wakaondoka mbio. Njiani Arero alipiga tena.

"Mama amekubali. Tiya ako hai, lakini harakisheni."

Walipofika mtoni, mkono wa Mungania ulienda wenyewe. Mazoea yana taabu. King'ora kikalia mpaka mbuzi wakatawanyika.

"Zima! Unafanya nini?" Gathoni alipiga kelele.

Alizima, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Mbele yao watu walikuwa wakikimbilia vichakani, kina mama na watoto mgongoni.

Walikuta kitanda kitupu, shuka bado ina joto. Arero alisimama mlangoni, shati limechanika begani.

"Wanaume wanne wamenishika," alisema. "Mama amesikia king'ora akakataa tena, wengine wakambeba Tiya na blanketi. Mzee, si ungekuja tu kimya kimya?"

Mungania aliuchukua mtungi mmoja begani, wakaacha mavazi meupe garini, wakaingia porini na barakoa tu. Saa nzima Arero aliita jina la dada yake, na kila kichaka kilikuwa na watu walionyamaza. Mungania aliomba kwa Kimeru, kwa sauti, bila haya.

Walimkuta Tiya kwenye korongo nyuma ya visima, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake. Gathoni alipiga magoti akampima mapigo shingoni. Alimwekea oksijeni hata hivyo, akasubiri, halafu akaiondoa taratibu. Arero aliketi chini kwenye mchanga.

Mama mzee alimtazama dereva. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Wewe ndiye umepiga ile kitu?"

"Ni mimi, mama."

"Mungu akubariki. Ungekuja kimya mngemchukua huyu. Umetuambia, tukapata nafasi. Amekufa nimemshika kwa mkono yangu, na mimi ndio nitamuosha."

Akamshika mkono kumshukuru. Mungania alitaka kumwambia kwamba Tiya angepona, kwamba mtungi ulikuwa umejaa. Badala yake akalia mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zake, na yule mama akawa anambembeleza.