Mbiu Ng'ambo ya Mfereji

"Tangaza mtaa kwa mtaa, usiruke hata kichochoro," mkuu wa kijiji alisema kutoka barazani. "Nyumba yako imetengwa. Asiwauzie mtu chumvi, asiwape kazi, maji wala moto, mpaka mwanao aje kuniangukia miguuni."

Mookan, mpiga mbiu, alisimama chini juani. Kosa la Irulan, mwanawe, lilikuwa kupita mtaa wa wenye mashamba bila kushuka baiskeli. Watu wa ng'ambo ya mfereji, wa tabaka la chini kama wao, hushuka pale, huvua viatu na kuikokota. Irulan alipiga kengele.

"Bwana mkubwa, ni utoto. Nichapeni mimi."

"Ana ndevu, utoto gani? Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Wewe hatujakutenga, nani atatupigia ngoma za misiba? Utalala zizini kwangu. Ila ukiingia nyumbani kwako, umekwisha nawe. Na usipotangaza, naitenga ng'ambo nzima."

Hiyo ndiyo huruma yao. Mookan akawasha nyasi kavu, akaipasha ngozi ya ngoma yake moto mpaka ikakaza, akaenda.

Alianzia kwa makuhani, nyumba chache zilizojibanza ubavuni mwa hekalu. Huko hupigia mbali, kivuli chake kisiguse ukuta. Kwa wenye mashamba, kitoto kisichomfika kiunoni kilimfuata nyuma: "We Mookan! Hebu litaje tena jina la mwanao!" Akalitaja. Wanawake wakacheka barazani. Wafinyanzi hawakucheka sana, maana nao wana wa juu yao. Lakini dobi, anayekula makombo ya wakubwa wale wale, alitema mate. "Mlijiona watu, sivyo?"

Kijiji hiki ni ngazi, na kila aliyekanyagwa hutafuta kichwa cha kukanyaga. Mookan hakumchukia dobi. Alimchukia mwanawe, kisha akaona haya kwa chuki hiyo.

Akavuka mfereji, akaingia kwao. Watu walitoka milangoni. Ndiye aliyewatangazia vifo vyao vyote. Akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe, akapiga.

"Sikieni! Nyumba ya Mookan, mpiga mbiu..." Akaimaliza mbiu yote, na chumvi, na kazi, na maji, na moto. Jirani wa ukuta kwa ukuta alimvuta mtoto wake ndani.

Irulan akatoka, akaushikilia mlango wazi. "Baba, tua hiyo ngoma. Ingia ule."

"Nenda ukamwangukie, mwanangu. Nakuomba."

"Siendi."

"Mwenye nguvu mpishe, Irulan."

"Tumempisha tangu babu yako. Siendi, baba."

Pechi, mke wa Mookan, akaja na bakuli la uji wa ulezi. Mookan alinyoosha mikono apokee. Hakumpa. Aliliweka chini vumbini, nje ya kizingiti, akarudi nyuma, vile vile anavyowekewa Mookan chakula kwenye nyua za wenye mashamba.

"Kula hapo hapo nje," alisema. "Angalau mmoja wetu abaki na kijiji."

Mookan akachuchumaa. Majirani walikuwa wakimtazama, na Irulan alikuwa bado ameushikilia mlango wazi. Uji ukaanza kufanya utando juu.