Pua ya Sukhoi

Honoré alikuwa amejenga ndege ya vita, na ndege hiyo ilikataa kusimama.

Ilikuwa Sukhoi, moja ya zile zinazopasua anga ya Bunia na kuwafanya watu wa soko wainamishe vichwa bila kupenda. Yake ilikuwa ndefu kuliko mkono wake. Mabawa aliyakata katika makopo ya maziwa, kioo cha rubani katika chupa ya maji, magurudumu aliyachonga kutoka ndala za zamani. Kila kipande alikipima kwenye picha ya simu, kisha akakipunguza kwa hesabu, maana alikuwa na lisansi, yaani shahada, ya fizikia na hakuwa na kazi, na hesabu ikikosa kazi hutafuta mchezo. Lakini kila alipoiweka mezani ilikaa kitako, pua juu, mkia chini.

"Ndege yako imechoka," alicheka mama yake, Marcelline. "Angalia! Imekaa sawa mbuzi yenye imeiba mihogo mubichi."

"Haijachoka, mama. Iko mwepesi mbele. Inaomba kitu kidogo mu pua, lakini kizito."

Marcelline alikuwa mjane wa kutoka upande wa Mahagi, na samaki wa chumvi wa ziwani ndio waliomsomesha Honoré tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu. Ndege ile hakuipenda.

"Mutoto yangu, juu ya nini hautengeneze ile inabebaka batu?"

Honoré akaigeuza, tumbo juu. "Angalia chini ya mabawa. Unaona bomu? Sikuweka hata moja. Mu Ituri yote, hii ndiyo ndege ya vita yenye haiwezi kuumiza mutu."

Aliyasema hayo kwa moyo wake wote. Alitaka kuipeleka kwenye maonyesho ya vijana katika parokia, pale Ngezi, watoto waishike, waichungulie, wacheke, na siku ndege ya kweli ikipita wasitetemeke sana. Ndoto ndogo, lakini alikuwa ameilea kama mtu anavyolea kifaranga mfukoni.

Asubuhi moja Marcelline akarudi na kapu lake la biashara, akapekua chini ya samaki, akatoa kipande cha shaba ya njano. Kilikuwa kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, kizito mno kwa udogo wake.

"Jiwe la mizani yako?" Honoré akashangaa. "Na utapima na nini?"

"Nitatafuta ingine. Hii nilinunuaka Fataki, ule mwaka batu walikimbia vita. Mwanamuke mumoja alitandika vitu vyake vyote chini, hata masufuria. Nikamuhurumia. Nikaweka mu mizani, nikaona inalingana na nusu kilo. Haijanidanganya hata siku moja. Chukua, baba. Ndege yako isimame."

Honoré akakijaribu kile kipande kwenye pua: kiliingia kana kwamba kilizaliwa humo. Palipobana, akapakwangua kwa tupa. Palipokataa, akagonga kwa nyundo, taratibu, huku mama yake ameishika ndege kwa mikono miwili ili isiteleze. Akamimina gundi ngumu. Ilipokauka, Sukhoi ikainama mbele polepole, ikatua juu ya magurudumu yake matatu, ikasimama. Marcelline akapiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza ni nani aliyeoa.

Siku ya maonyesho Honoré alitangulia kuandaa meza. Mama yake angemfuata kwa pikipiki, ndege mapajani. Alikataa kabisa kumwachia mtu mwingine. Meza ya pili katika ukumbi ilikuwa ya Elodie, msichana wa timu ya kutegua mabomu, ambaye padri alimwalika afundishe watu vitu vya kuogopa. Alikuwa akibandika picha ukutani na kuimba chinichini.

"Na weye ndiye wa ndege?" Elodie akauliza. "Inarukaka?"

"Inasimama tu. Na hiyo peke imenisumbua sana."

Wakacheka. Ndipo jicho la Honoré lilipotua kwenye picha ya katikati.

Shaba ya njano. Nene huku, nyembamba kule. Mstari umezunguka kiunoni, na juu ya mstari namba ndogondogo, zilezile alizozisugua kwa tupa kwa sababu zilikuwa zinazuia gundi isishike.

"Hii ni nini?" Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Hiyo? Kichwa cha kombora. Ndiyo inagongaka ya kwanza, inaamsha yote. Hata ikiwa peke yake inakata mikono, inaua. Batu wanadanganyikaka juu ya vile inang'aa." Elodie akamtazama. "Kaka, uko na shida gani?"

Honoré alikuwa anasikia nyundo. Ko, ko, ko, na mikono ya mama yake pale pale, imeshika. Akampigia mama yake simu, ikaita, ikaita, ikanyamaza. Akawaza barabara ya kutoka nyumbani, Mbunya, mashimo yake, madereva wa pikipiki wanaoyaruka kama mbuzi. Alichoweza ni kumwambia Elodie, kwa maneno yaliyokatikakatika, kilichokuwa ndani ya pua.

Elodie hakupiga kelele. Uso wake tu ulibadilika. Akamwomba padri awatoe watu kwa mlango wa nyuma, taratibu, naye akasimama mlangoni na Honoré.

Pikipiki ikaingia uani. Marcelline akashuka, amevaa kitambaa chake cha Pasaka, ndege kifuani kama mjukuu.

"Batu wote wanatoka sababu gani? Wameogopa Sukhoi ya mutoto yangu?" Akainua mkono ili apigepige ile pua kwa kiganja, kama alivyozoea kuonyesha wageni uimara wake.

"Mama, usigonge!" Honoré akalia.

Mkono ukabaki hewani.

"Mama," Elodie akasema, sauti yake laini kama anamwamsha mtoto, "inama polepole. Weka chini. Vile. Sasa acha. Kuja kwangu, usiangalie nyuma."

Marcelline akainama. Sukhoi ikasimama pale uani juu ya magurudumu yake matatu, imenyooka, nzuri kuliko ilivyowahi kuwa, na hakuna hata mtu mmoja wa kuitazama kwa karibu.

Timu ikaja, ikazungushia kamba. Kile kichwa kilikuwa bado kizima, hakijawahi kulipuka, wakasema, na kwa sababu ya gundi hawangeweza kukitoa. Wakaichukua ndege nzima hadi shimoni, nje ya mji, wakailipua humo. Mlipuko haukuwa mkubwa. Lakini Honoré, mbali kule alikozuiwa, aliusikia mpaka kwenye meno.

Marcelline alikaa chini barabarani na kitambaa chake cha Pasaka. Hakulia. Alikuwa anatazama mikono yake, kiganja hiki, kiganja kile.

"Nilikuwa nalala nayo chini ya kitanda," akasema. "Batoto ya jirani walikuwa wanapasulia nayo karanga. Miye mwenyewe nilikupatia, Honoré. Miye."

"Na miye nilipiga nyundo, mama. Miye mwenye lisansi."

Tangu hapo Marcelline aliuza samaki bila mizani, kwa kukadiria kwa jicho. Honoré, kijana asiyejua kuacha kutumaini, akaanza nyingine, safari hii ndege ya kubeba watu, yenye madirisha. Nayo ikakaa kitako. Akaiacha hivyo. Kila alipowaza kutia kitu puani, alisikia tena nyundo.

Jumamosi moja akamkuta mama yake nyuma ya nyumba, mbali, kwenye ukingo wa shamba la jirani, peke yake mbele ya moto mkubwa. Alikuwa ameinama juu ya makaa na kijiti.

"Mama! Unapika nini huku?"

"Simama pale pale!" akapaza sauti, na Honoré akasimama. Marcelline akatoa majivuni jiwe dogo, jeusi, la mviringo, akalimwagia maji, likafuka moshi. Akalitazama. Akaligonga mara kadhaa juu ya jiwe lingine, kwa nguvu, macho ameyafumba. Ndipo akamjia, amelifunga ndani ya kitenge.

"Nililitoa mu mutoni Shari, na mukono yangu. Ni jiwe tu, najua. Lakini tangu ile siku siamini tena kitu kizito." Akalitia mkononi mwake. "Kama ingekuwa na kitu ndani, ingenimalizia miye kule, hapana weye. Shika, baba. Ya ndege."

Honoré akalipokea kwa mikono miwili. Jiwe lilikuwa bado la moto.