Hodi Kwenye Uwanja wa Besiboli

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepelekwa Marekani kutazama besiboli. Mimi Nakijwa, ambaye hata mpira wa miguu huwa naupisha upite barabarani niendelee na safari yangu.

Najua kilichoniletea ndoto hiyo. Jana jioni binamu yetu alinipigia simu kutoka Same mjini. Akasema mdogo wangu Mbonea ametua kutoka Marekani, yuko gesti, na asubuhi anapanda mlimani kuja nyumbani. Nikamjibu: aje. Abishe hodi mpaka sauti imkauke, karibu yangu haipati. Na bila karibu hakuna mtoto wa baba yetu atakayevuka kizingiti. Tulivyolelewa ndivyo, na yeye analijua hilo.

Yule si mtu. Baba alipofariki, Mbonea alisema hana namna ya kuja kuzika. Haya, tukameza. Wiki ileile ya msiba ikatufikia picha kwenye simu: Mbonea amesimama kwenye ngazi za uwanja wa besiboli, kofia kichwani, meno yote nje. Sisi tuko kwenye majamvi tunalia, mwenzetu yuko mpirani. Picha ile sijaifuta. Naitunza ili hasira isije ikapoa.

Sasa, kwenye ndoto, geti la uwanja lilikuwa mlango wa zizi langu. Anayekagua mifuko alikuwa ng'ombe wangu. Akanusa kikapu changu, akatoa chupa ya maji, akasema maji hayaruhusiwi, yanauzwa ndani.

"Mimi ndiye ninayekukatia majani," nikamkumbusha.

"Sheria ni sheria, mama," akasema, akanipisha.

Ndani nikakuta watu wengi ajabu, na wote wanakula. Nasema kweli, sikuona mchezo, niliona mlo. Mtu ana soseji ndefu kama mkono wake, jirani yake anakula bisi kwenye ndoo. Huko chini uwanjani wanaume wazima wamevaa suruali za kulalia, wanatema mate. Mmoja anarusha kipira, mwenzake mwenye gongo anakikosa. Wanapumzika. Anakikosa tena. Wanapumzika tena. Watu wanapiga makofi.

"Mchezo unaanza lini?" nikakiuliza kiti changu.

"Umeanza tangu saa saba," kiti kikajibu. "Na usinikalie upande mmoja."

Kwenye skrini kubwa pameandikwa kwamba mshindi ndiye atakuwa bingwa wa dunia. Dunia ipi? Nikakiuliza kiti kama sisi huku Upareni tulipewa taarifa. Kikasema hakikumbuki. Loh! Mtu anacheza kwao na ndugu zake, halafu anaifunga dunia nzima ambayo haikuitwa.

Mara mkimbiaji mmoja akaiba kituo. Si maneno yangu, ndivyo alivyosema mtangazaji. Kituo chenyewe ni kimto cheupe kilicholazwa chini. Jamaa alikikwapua mchana kweupe, akakitia kwapani, akatimua mbio. Uwanja mzima ukasimama kumshangilia.

"Mkamateni!" nikapiga kelele. "Jamani, mbona mnamwangalia tu?"

"Huyo ni hodari sana," kiti kikasema kwa fahari. "Mwaka jana hakuna aliyeiba kumshinda."

Nikasonya. Kwetu angekimbizwa mpaka mtoni, na kimto angekirudisha.

Halafu watu wote wakainuka kunyoosha viungo, kumbe nao ni utaratibu. Nami nikajinyoosha, maana kuangalia watu wakila kunachosha. Niliporudi kukaa, kiti hakipo. Nimechuchumaa chini uwanjani, vilevile ninavyochuchumaa mbele ya mafiga yangu. Usoni nina kinyago cha nyaya, na mkononi nimevaa glavu pana kama ungo. Mbele yangu, ardhini, kuna kibao cheupe cha pembe tano.

"Umechelewa," kibao kikasema.

"Wewe nani?"

"Mimi ndio nyumbani. Mchezo wote uko kwangu. Mtu anatoka hapa, anazunguka vile vituo vyote, anarudi hapahapa. Asipofika, mbio zake hazihesabiwi."

"Ebo! Uwanja wote huu, mataa yote haya, kwa ajili ya mtu kurudi alikotoka? Si angebaki palepale?"

"Wengi wamesema hivyo," kibao kikajibu kwa upole.

"Na mimi hapa kazi yangu ni nini?"

"Kumzuia asifike."

Nikafurahi sana. Ndiyo mara ya kwanza mchezo ule kuniingia akilini.

Nikainua macho. Kwenye kituo cha mwisho kabla ya nyumbani, ambacho sasa ni ukingo wa shamba letu la tangawizi, amesimama Mbonea. Kofia ni ileile ya kwenye picha. Pale aliposimama bati la nyumba yetu linaonekana kabisa.

"Yuko pale tangu lini?" nikauliza.

"Tangu baba yenu alipolala kitandani kwa ugonjwa."

"Si mbali pale. Mbona hakimbii?"

"Akitoka kabla hajaruhusiwa, anatolewa mchezoni na hawamrudishi tena. Anangoja makaratasi yake ya kuishi kule."

"Visingizio hivyo," nikasema. "Sisi tunazika, yeye anatazama mpira!"

"Anatazama?" Kibao kikacheka mpaka vumbi likaruka. "Hebu mwangalie begani."

Nikamwangalia. Begani ana mkanda mpana. Kwenye picha mkanda huo niliuona, nikadhani ni wa mkoba wa matembezi. Kumbe umebeba sanduku, sanduku limemkaa tumboni, na hayupo tena shambani. Yuko kwenye ngazi katikati ya wale walaji. "Karanga! Karanga!" Mtu anainua kidole, Mbonea anamrushia pakiti. Anapanda, anashuka, anapanda. Mchezo uko nyuma yake na hageuki kuutazama. Anacheka, na mashavu yake yamelowa.

"Sasa anacheka nini huku analia?" nikauliza.

"Muuza karanga lazima acheke, ni sheria ya kazi," kibao kikasema. "Leo ni ile siku mliyomzika baba yenu. Asubuhi aliomba ruhusa akae tu chumbani kwake alie. Wakamwambia uwanja umejaa."

Sikupenda kuambiwa hayo. Hasira yangu nimelala nayo na kuamka nayo miaka yote hii, leo kibao cha uwanjani kinataka kuninyang'anya. Kinyago kikaanza kunibana.

Gongo likalia: ko! Mbonea anakimbia. Anakuja na sanduku lake, karanga zinamwagika kwenye matuta ya tangawizi. Anafika kwenye kaburi la baba, anasimama, anavua kofia. Uwanja mzima unampigia kelele asisimame. Anaivaa, anakimbia tena. Kipira kinatua kwenye glavu yangu. Mbonea anajitupa chini, goti linaburuza kwenye udongo, mkono unakigusa kibao.

Vumbi likatulia. Mwamuzi akainama. Alikuwa amevaa koti la baba la kanisani, lile la kijivu.

"Amefika au hajafika?" akaniuliza.

"Mwamuzi si wewe?"

"Mimi napiga kelele tu. Kwenu mwenye nyumba ndiye anayesema."

Mbonea alikuwa amelala kifudifudi, mdomo umejaa udongo.

"Hodi," akasema.

Watu wakaacha kula. Hata ng'ombe wangu kule getini akaacha kutafuna.

"Hodi, dada."

Nikafungua mdomo nimjibu jibu lake, nililolipanga tangu jana. Kooni nilihisi chumvi, nikakohoa, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nikaona nimekunja ngumi, na ndani ya ngumi mna kitu. Nikafungua: ganda la karanga, tupu, limekaushwa kwa chumvi. Mwaka huu karanga sikulima wala sikununua. Nikalilamba kidogo ili niwe na hakika, kisha nikalitupa dirishani. Siwezi kutishwa na ganda.

Nje nikasikia miguu ikipanda njia ya nyumbani, ikasimama mlangoni.

"Hodi hapa."

Nikainuka kitandani.

"Hodi, dada."

Nikaenda mpaka mlangoni. Sikufungua.

"Wewe Mbonea," nikasema. "Kule uwanjani ulikuwa unauza nini?"

Nikamsikia anahema, mlima wetu umemshinda.

"Karanga," akasema. "Nani kakuambia?"

"Na siku tuliyomzika baba?"

"Siku hiyo pia, dada."

Nikasimama pale nimeshika komeo kama mjinga. Halafu nikafungua. Mdogo wangu amezeeka, kofia kichwani ni ileile. Suruali imechanika gotini na goti lina udongo mwekundu, akasema ameteleza pale kaburini kwa baba. Mkono mmoja ameegemeza kwenye fremu ya mlango, miguu yote miwili iko nje, anangoja kama alivyofundishwa.

"Mchezo wa kipuuzi sana ule," nikamwambia.

"Wa kipuuzi kweli, dada."

"Karibu," nikasema. "Na hiyo kofia iache hukohuko nje."