Hatua Sita Hadi Kizingitini

Saa moja asubuhi aliniambia yupo njiani. Saa mbili nilipompigia alikuwa bado yupo njiani. Saa tatu akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Dada, nipo njiani, nakaribia kabisa," na nyuma ya sauti yake nikasikia kijiko kikikoroga chai kikombeni. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshawaambia wateja wengi kwamba nguo yao imebaki vifungo tu, na kitambaa bado sijakikata. Uongo wa aina hiyo sifundishwi, na kuanzia hapo nikampa yule dereva jina la Nipo Njiani.

Siku hiyo tulikuwa tunamhamisha shangazi yangu. Alikuwa amepanga chumba kimoja kwa miaka kumi na tisa, na sasa mwenye nyumba alitaka kuibomoa aijenge upya. Tulimpatia chumba kingine upande wa pili wa mji, kizuri, chenye dirisha kubwa, ingawa kwa shangazi dirisha ni upepo tu. Macho yalimwacha miaka minane iliyopita, akiwa humo humo katika chumba cha zamani. Kila kitu cha humo alikiweka yeye mwenyewe alipokuwa bado anaona, kwa hiyo alikuwa akitoka kitandani, akichemsha chai, akikaa kwenye kiti chake na kufuma masweta ya wanafunzi bila kupapasa ukuta. Mgeni angeweza kumaliza kikombe kizima kabla ya kugundua kwamba aliyemkaribisha haoni.

Mwanawe, binamu yangu, alitaka mama yake akakae kwake. Si mtu mbaya, haki yake nampa. Mkewe naye ni mwema, na huo wema ndio uliomtisha shangazi. "Kule nikiinuka wananikalisha," aliniambia. "Nikitaka maji, yanaletwa. Nitakufa nimekunja mikono." Walivutana wiki nzima, mwisho wakakubaliana. Binamu angekuja saa kumi jioni siku ya kuhama. Akimkuta mama yake anatembea chumbani peke yake, atamwacha. Akimkuta anagonga-gonga vitu, wataondoka pamoja jioni hiyo hiyo.

Ndiyo maana usiku wa kuamkia siku hiyo nilipima chumba cha zamani, ili kwenye kipya kila kitu kikae umbali ule ule. Shangazi hupima mikono ya masweta kwa uzi wenye mafundo, basi tukatumia ujuzi huo kwa kamba ya katani. Ncha moja tuliishika kizingitini. Ilipofika kwenye kabati la vyombo nikapiga fundo moja, mezani mafundo mawili, kitandani matatu. Nilitaka kuandika na kwenye karatasi, akanikataza. "Karatasi utaisoma wewe. Kamba nitaisoma mimi." Niliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, nikaenda kulala nikijiona mwanamke mwenye akili zake.

Nipo Njiani alifika ikikaribia saa nne. Wakati wa kupatana alikuwa amenionyesha picha ya lori refu lenye turubai jipya, na akaniahidi watu wawili wa kubeba. Kilichosimama mlangoni kilikuwa kilori kifupi chenye vumbi la saruji, na aliyeshuka alikuwa yeye peke yake, mtu wa makamo, kitambi mbele, ndala miguuni.

"Lori liko wapi?" nikamuuliza.

"Ndilo hili, dada."

"Na lile la kwenye picha?"

"Lile ni la picha."

"Na watu wa kubeba?"

"Mimi," akasema. Akaiangalia mikono yangu. "Na wewe."

Nilimpa maneno ambayo sitayarudia hapa, maana shangazi alikuwa anasikia. Alikuwa amekaa koridoni juu ya ndoo iliyofudikizwa, fimbo yake magotini, ametulia. "Hasira hasara, mwanangu," akasema. "Wanaohama ni sisi, si yeye." Nikameza mengine yaliyobaki, nikakunja mikono ya gauni.

Lakini kuchelewa ningemsamehe. Kilichonitoa roho ni kuhesabu. Yeye alishika upande wa mbele akitembea kinyumenyume, mimi nikashika nyuma, na kila hatua aliyopiga aliitaja kwa sauti. Tulianza na kitanda, tumekilaza ubavu. "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Kizingiti." Tukaja kwenye meza. "Moja, mbili, kulia, tatu, nne, kizingiti." Alihesabu taratibu, kwa heshima zote, utadhani anahesabiwa thawabu.

Tulipobeba kabati nilishindwa kuvumilia. "Kaka, unabeba au unasali?"

"Nabeba," akasema, akasimama. "Sasa umenipotezea hesabu. Turudi."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Tulilirudisha kabati mahali pake, tukalitua, tukalinyanyua upya. "Moja. Mbili. Tatu. Kizingiti." Koridoni shangazi alikuwa anacheka peke yake, na midomo yake inacheza kama ya mtu anayerudia somo. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mgongo ulikuwa umeanza kunisemesha.

Mzigo haukuenea, kwa sababu lori la picha lilibaki kwenye picha. Tulikwenda mara mbili, dakika arobaini kila safari, na kilori kilizima mara mbili katikati ya barabara. Mara ya pili nilishuka nikasukuma, mimi na gauni langu, huku magari ya nyuma yakinipigia honi. Baada ya mzigo wa mwisho tulikabidhi funguo za chumba cha zamani. Tulipomaliza kushusha katika chumba kipya ilikuwa inakaribia saa tisa, kila kitu kimerundikwa katikati ya chumba, na shangazi amesimama mlangoni kwake kama mgeni asiyejua pa kukaa.

"Haya, lete kamba," akasema.

Nikaitafuta kamba mkobani, haimo. Nikaitafuta kwenye furushi la mashuka, haimo. Ndipo nikakumbuka msumari nyuma ya mlango, na kwamba tangu asubuhi nilikuwa na kazi moja tu muhimu, kuitungua ile kamba, na nilikuwa nimeshughulika na kugombana.

"Ile ya katani?" akauliza Nipo Njiani. "Niliichukua mimi. Hii hapa." Akanionyesha. Kipande kimoja kilikuwa kimefunga milango ya kabati, kingine godoro, kingine miguu ya meza. "Ilikuwa fupi, na imejaa mafundo. Nikayafungua yote moja moja, ndipo ikatosha." Alisema hivyo kwa fahari ya mtu aliyesaidia bila kuombwa.

Nilikaa juu ya godoro nikalia. Sioni haya kusema. Sikumlilia yeye, nilimlilia shangazi na ile mikono yake itakayokunjwa. Kurudi kule kupima hakukuwezekana, kwani saa kumi ingetukuta barabarani, na funguo hatukuwa nazo tena. Nilimuuliza shangazi kama anakumbuka ni hatua ngapi.

"Sijawahi kuhesabu," akasema. "Wewe unahesabu hatua za chumbani kwako? Miguu ndiyo inayojua, na miguu imezoea kule. Lakini yupo aliyehesabu. Dereva, njoo hapa, baba."

Nipo Njiani akavua kofia, akamsogelea.

"Kwa nini unahesabu?" shangazi akamuuliza.

"Anayerudi kinyumenyume hana macho, mama. Macho yake ni hesabu. Siku niliyoacha kuhesabu nilianguka ngazini, friji ikanilalia kifuani."

"Basi umekutana na mwenzako," shangazi akasema. "Kitanda kilikuwa sita."

"Sita, kizingiti," akaitikia papo hapo. "Meza mbili, kulia, mbili. Kabati tatu, na lile nina uhakika nalo, maana dada alinirudisha."

Niliinuka nikaanza kupiga hatua kutoka mlangoni, moja, mbili. Akanizuia. "Hizo ni hatua za mtu anayekwenda sokoni, dada. Zangu zilikuwa za mzigo. Ni fupi. Hazipatikani bila mzigo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kila kitu tukiweke ndani, halafu tukitoe tukihesabu."

Hivyo ndivyo tulivyomhamisha shangazi yangu, kwa kuvitoa vyombo vyake katika chumba tulichokuwa tunamhamishia. Tuliliweka kabati, tukalinyanyua, tukalitoa. Ikafika mbili, kizingiti. Tukalirudisha, tukalisogeza nyuma, tukalitoa tena. Tatu, kizingiti. Mahali miguu ya dereva ilipoondokea nilitia alama kwa chaki yangu ya kushonea. Meza ilitaka mara tatu. Safari hii sikumkatisha hesabu hata nilipobanwa kidole, niliuma meno tu nikasubiri afike kizingitini. Na shangazi alisimama pembeni akisikiliza miguu ya mtu yule, akasema, "Anatembea kama mimi. Mtu mwenye kitanda mikononi na bibi kizee, hatua yao ni moja."

Kitanda tulikifikia ikiwa imebaki robo saa. Mara ya kwanza tano. Tukakirudisha, tukakisogeza, tukakinyanyua tena, jasho linanichuruzika machoni. Nipo Njiani akaanza, "Moja, mbili," na alipokuwa kwenye tano nikamwona binamu yangu nyuma yake, amesimama mlangoni na begi kubwa tupu mkononi. Alikuwa amewahi kufika. Aliona kitanda cha mama yake kinatoka nje.

"Naona mmeshaamua," akasema kwa upole. "Pole, Mama. Ngoja nifunge nguo."

"Sita," akasema Nipo Njiani, kisigino chake kimegusa kizingiti. "Hapo hapo, dada. Mungu ni mwema."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mpishe apite, mwanangu," akamwambia binamu. "Hatutoki. Tunaingia."

Tulikirudisha kitanda kwenye alama, nikakitandika. Shangazi akaomba tumpeleke akakae juu yake, halafu tukae sisi, tusimguse. Binamu akakaa kwenye kiti, begi magotini. Mimi na Nipo Njiani tulikaa kwenye ndoo mbili.

Akainuka. Alikwenda kutoka kitandani kuelekea mlangoni, mikono ameiacha chini, midomo inacheza. Hatua ya sita vidole vyake vya mguu viligusa kizingiti. Akageuka. Hatua tatu hadi kwenye kabati, akafungua mlango wake mwenyewe, akatoa sufuria, akawasha jiko tulilolitua kando yake. Chai ilipochemka akachukua kikombe cha kwanza kumpelekea mwanawe, na hatua ya pili akagonga kitu, chai ikamwagikia kidoleni. Binamu akanyanyuka nusu.

"Hapa pamewekwa nini?" shangazi akauliza.

"Mkoba wangu," nikasema. Nilitamani ardhi inimeze.

"Uondoe. Chumba hiki hakina mkoba njiani." Akasubiri nikauondoa, akaendelea mpaka kwenye goti la mwanawe, akamkabidhi kikombe. "Kosa hilo ni la binamu yako, si la chumba," akamwambia.

Binamu alikunywa chai yote. Kisha akalikunja lile begi mara mbili, mara nne, mpaka likawa dogo kama kitambaa cha mkononi, akalitia chini ya kiti. "Jumapili nitawaleta watoto, Mama," akasema. "Wakuzoee hapa."

"Waje na sukari," shangazi akasema.

Nilisogeza ndoo yangu karibu na ya Nipo Njiani. Mimi si mwepesi wa kuomba radhi. Ninapokosea kipimo cha mteja huwa namwambia amenenepa. "Kaka," nikasema, "asubuhi nilikutukana."

"Nilisikia."

"Mengine niliyasema moyoni. Nisamehe yote. Na ahsante. Sijui ningeiweka wapi sura yangu leo."

"Nilikata kamba yako," akasema. "Tumetoka sare." Akapokea kikombe alichopewa na shangazi, akatia vijiko vinne vya sukari. Simu yake ikaita. Akaitazama, akakohoa, akaipokea huku anakoroga chai taratibu. "Nipo njiani, bosi. Nakaribia kabisa."

Mahali fulani mjini kulikuwa na mtu amesimama nje na makochi yake, anasikia kile kijiko, anamlaani. Nilimwonea huruma, na wakati huo huo nikasogeza bakuli la sukari karibu na mkono wa dereva.

Alipomaliza, alisimama, akaaga. Binamu akataka kumfungulia mlango, shangazi akamzuia.

"Kaa. Mgeni ni wangu," akasema. "Namsindikiza mwenyewe."

Wakaenda pamoja kutoka kitandani, yeye na yule mtu wa ndala, hawakushikana, wanahesabu wote wawili kwa sauti ya chini. Walipofika sita walisimama, shangazi akanyoosha mkono, akaukuta mlango pale pale ulipo, akamfungulia.