Asinywe Mtu Mpaka Majibu Yatoke

...na mama tayari ameshika kikombe, kimejaa hadi ukingoni, maji ya kisima yaliyochujwa na ndoo yangu mwenyewe, ndoo niliyoipakata kwenye basi kutoka Arusha kama mtoto mchanga, ila hajanywa, anamwonyesha jirani yetu Nyamizi kwanza, "Ona, mwanangu Milembe ndiye katengeneza, sasa hapa Lingeka watoto hawataota tena meno ya kahawia," na Nyamizi anacheka huku kafunika mdomo, kama nilivyoufunika wangu miaka yote ya shule, hata kwenye picha ya kuhitimu... niseme sasa?... ngoja amalize... na ndoo inafanya kazi, nimepima mara kumi na mbili, floraidi ya kisimani, hiyo inayotia meno kahawia, inanaswa, inanaswa na chembe ndogo mno zilizo ndani ya chujio, upasue unywele mmoja vipande elfu themanini ndipo ufike huko, jana nilimweleza mama hivyohivyo akauliza, "Sasa kichembe kikitoka humo utakionaje?" nikacheka, Mungu wangu, nilicheka, na swali ni lilelile la Dokta Novatus, msimamizi wangu wa utafiti, chembe zikibanduka zikaingia kwenye maji je, sampuli ziko maabara wiki ya sita hii, naye alisema waziwazi, "Asinywe mtu mpaka majibu yatoke," nikaitikia ndiyo dokta, nikaenda kukata tiketi... nilitaka waione tu... uongo, nilitaka mama aringe... labda hazitoki, nina hakika hazitoki, karibu hakika, na kikombe kimoja kitamfanya nini mtu aliyekunywa ya kisima miaka sitini mpaka magoti yakapinda, lakini yale alikunywa kwa kukosa mengine, haya atayanywa kwa sababu ni mimi, kesho atamchotea Nyamizi, Nyamizi atawapa wajukuu, na hakuna atakayeuliza, maana mtoto wa hapa amesoma... anainua mkono, bado anaongea, anainua...

"Mayu, usinywe."

Kikombe kimesimama karibu na midomo, Nyamizi ameacha kucheka, "Kwa nini, yana sumu?" anauliza mama, na majibu yote niliyoyapanga, ya kitaalamu, ya kujilinda, yananikimbia, limebaki moja tu, dogo, la aibu, "Sijui, mayu," nasema kwa sauti, jirani akisikia, "bado sijui," na mama bado amekishika kikombe, ananitazama, anasubiri niendelee...