Mgeni Aliyelala Saa Nne Asubuhi

Kisiwa chetu kiko katikati ya bwawa, karibu tu na mji wa Kericho, na ni kidogo mpaka ng'ombe akigeuka mkia unalowa maji. Mama alijenga hapo nyumba ya wageni wa kupumzika. Baba alicheka wiki mbili.

"Nani atatoka Nairobi aje kulala na mbuzi? Huyo wa kwanza akikimbia kabla ya Jumapili, nyumba inakuwa ya mbuzi."

Mbuzi wakaanza kuichungulia.

Mgeni wa kwanza, wakili anayeitwa Elmina, alifika Ijumaa. Alizima simu hata kabla ya kushuka kwenye mashua.

"Chepngetich, mimi nataka kitu kimoja tu. Kimya."

Nikamwambia hapa hata vyura huomba ruhusa.

Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa amejinyoosha kwenye kitanda cha kamba kati ya miti miwili, kofia usoni. Ng'ambo ya maji, jirani yetu Mama Phelix alikuwa akichuma chai. Akapaza sauti.

"Wee Chepngetich! Huyo mgeni ana nini?"

"Hana kitu! Amelala tu!"

"Saa hii?"

"Na simu amezima!"

Akaweka kikapu chini. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Huku kwetu mtu mzima akilala saa nne asubuhi, ni mgonjwa au amefiwa. Akizima na simu, ni vyote viwili.

Nusu saa haikuisha. Mashua ikaja na akina mama saba wa kanisa, thermos nne, kibuyu cha mursik, na kuku ambaye hakuna aliyemweleza safari ni ya wapi. Wanaimba, tena kwa sauti tatu.

Mama akatoka kukamua, mikono kichwani. "Umewaambia nini?"

"Ukweli, Mama."

"Hiyo ndiyo shida yako."

Ng'ambo nilimwona Baba akifungua mbuzi kamba, tayari kuwavusha waje kwenye nyumba yao.

Elmina akaketi, kofia ikaanguka. Mama Phelix akamshika mikono. "Pole, binti yangu. Nani ametuacha?"

"Hakuna, mama. Nimechoka tu na kazi."

Wakatazamana. "Uuui, pole!" Wakapiga magoti, wakawaombea wakubwa wake wa Nairobi ghorofa kwa ghorofa. Halafu wakammiminia mursik, yale maziwa yetu ya mgando yenye majivu ya mkaa. Akanywa, akajifuta majivu mdomoni.

"Mwaka mzima," akasema, "hakuna mtu ameniuliza nina nini." Akacheka mpaka kamba za kitanda zikalia. "Na nikipona, mtaacha kuja?"

"Mtu mzima na afya yake tumtembelee ya nini?" akasema Mama Phelix. "Si tuna chai ya kuchuma?"

Elmina akajilaza tena, kofia usoni.

"Basi bado naumwa. Mama Chepngetich, niongezee siku mpaka Alhamisi."

Nikakimbia ukingoni. "Baba! Funga mbuzi! Mgonjwa amekataa kupona!"